Mbwa Akiuma, Huulizwa Mwenye Mbwa

Mchungaji anayehudumia Nachingwea na Ruangwa hapungukiwi na maoni ya watu. Huyapata bure kwenye kijiwe cha kahawa, kwenye foleni ya mizani ya ufuta, na zaidi ya yote nje ya kanisa baada ya ibada, mnada wa sadaka ukiisha na kuku wa mwisho akipata mnunuzi.

Siku hizi maoni mengi yanahusu akili mnemba. Mzee mmoja wa kanisa ana hakika kwamba ndiyo ile alama ya Ufunuo 13. Kijana wa kidato cha nne anasema ni kikokotoo tu kilichojifunza kuongea. Mwalimu mmoja analalamika kwamba insha za wanafunzi wake zimekuwa nzuri ghafla, tena zote zinafanana. Mama mmoja mkulima alimaliza mjadala kwa kusema: "Kama inajua kila kitu, basi iniambie bei ya ufuta ya mnada ujao."

Tulicheka sote. Lakini watu wanapomgeukia mchungaji na kumwuliza, "Na wewe unasemaje?", wanataka jibu la kwenda nalo nyumbani. Mimi jibu langu huanzia kwa mbwa.

Huku kwetu mbwa hafugwi kwa ajili ya mapambo. Hulala nje, hula kilichobaki, na usiku husaidia kulinda shamba dhidi ya nguruwe pori. Vijana wanaorudi kutoka Dar es Salaam hutuhadithia habari za mbwa wanaoogeshwa kwa sabuni yao wenyewe na kulala sebuleni, na wazee hutikisa vichwa. Mimi sioni dhambi hapo. Mithali 12:10 humpima mtu mwenye haki kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake. Haisemi alale ndani au nje. Hata Martin Luther alikuwa na mbwa wake, jina lake Tölpel. Katika mazungumzo yake ya mezani imeelezwa kwamba siku moja mbwa huyo alikuwa ameikodolea macho nyama, na Luther akawaambia wenzake kwamba laiti angeweza kuomba hivyo, mawazo yote yakiwa mahali pamoja. Kwa hiyo mbwa anaweza kumfundisha hata mwanatheolojia.

Lakini mbwa akimng'ata mtoto wa jirani, hakuna anayempeleka mbwa kwa balozi. Anaitwa mwenye mbwa. Anaulizwa: Alichanjwa? Ulijua kwamba ni mkali? Mbona hukumfunga? Tena ni yeye anayepaswa kugharamia sindano, maana kichaa cha mbwa kikishaanza kumwonyesha mtoto dalili, hakina dawa. Sheria hii ni ya zamani kuliko vijiji vyetu. Kutoka 21, kuanzia mstari wa 28, inazungumzia ng'ombe anayeua mtu kwa pembe. Ng'ombe huuawa kwa mawe, wala nyama yake hailiwi. Kama mwenyewe hakujua tabia ya ng'ombe wake, hana hatia. Kama alikwisha kuonywa na hakumzuia, hatia ni yake.

Nililikumbuka neno hilo msimu wa ufuta uliopita. Bibi mmoja mjane, msharika wetu, alionyeshwa video kwenye simu ya mjukuu wake. Mhubiri anayejulikana sana alikuwa akiongea, sura ni yake na sauti ni yake, akiwaahidi wajane maombi maalumu iwapo watatuma sadaka kwenye namba iliyoandikwa chini. Bibi alituma shilingi 80,000, fedha aliyoitenga kwa ajili ya sare na madaftari ya mjukuu. Baada ya siku chache ikajulikana kwamba video ile ilitengenezwa kwa akili mnemba. Mhubiri hakuwahi kuyasema maneno yale, na ile namba ikawa haipatikani tena. Bibi akaja nyumbani kwangu. Akakaa kwenye mkeka, akanyamaza kwa muda, kisha akaniuliza: "Baba Mchungaji, mimi nilimtolea Mungu. Sasa dhambi ni ya nani?"

Nilimwambia kwamba Mungu ameuona moyo wake, na kwamba dhambi ni ya yule aliyetengeneza video. "Anaitwa nani?" aliuliza. Sikuwa na jina la kumpa.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Video ile haikuota kama uyoga. Kuna waliounda programu, kuna aliyeiamuru iseme uongo, kuna aliyesajili namba ya simu, na kuna walioisambaza kundi kwa kundi, baadhi yao wakiwa washarika wetu waliosema "Amina" na kuituma mbele. Mikono ilikuwa mingi kiasi kwamba mwenye ng'ombe hakuonekana. Kwangu mimi hilo linatisha kuliko ufundi wa mashine yenyewe: jeraha lipo, bibi yupo, na wa kuulizwa hayupo.

Sisi wa Nachingwea si wageni wa jambo hili, maana tulilionja kwa mashine za aina nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ilitaka mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa ikiwa hapa Tanganyika. Mwaka 1946 wataalamu walizunguka kwa muda wa wiki tisa tu, sehemu kubwa wakitazama ardhi kutoka kwenye ndege. Kazi ilianza mwaka 1947 kule Kongwa, ikafika na huku Nachingwea. Yaliletwa matrekta mengi, mengine yakiwa yametokana na vifaru vya vita. Ikajengwa reli na bandari kule Mtwara. Mwanzoni mwa 1951 mpango ukafutwa, na pauni kama milioni 36 zikawa zimepotea. Mapema miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa.

Trekta haikuwa na dhambi. Ilikwenda ilikoelekezwa. Ila walioamua walikuwa mbali, na mkulima aliyezijua mvua na udongo kwa jembe lake hakuketishwa mezani nao. Walioamua waliendelea na maisha yao London, na waliofyekewa msitu wakabaki na mahali palipofyekwa. Uamuzi unapofanywa mbali na mtu atakayeumia, uangaliwe mara mbili, uwe umefanywa na waziri au na programu ya simu.

Hata hivyo nisiitwike mashine mzigo wote. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini. Kwa siku kadhaa hapakuwa na video wala makundi ya simu, lakini habari zisizo na mwenyewe hazikukoma. "Nimesikia." "Wanasema." Watu waliokuwa na ndugu zao mijini walihangaika kwa hofu, kila mpita njia akiwaongezea neno lake. Uvumi ulikuwepo kabla ya akili mnemba. Mashine imeupa tu sura na sauti. Ndiyo maana amri ya nane katika Katekisimu Ndogo, ya kutomshuhudia jirani uongo, haijachakaa.

Baada ya mambo hayo, vijana wa usharika walikuja na ombi. Waliniona nikihangaika na pikipiki kati ya mitaa, wakaniambia: "Mchungaji, mahubiri yaandikwe na mashine, wewe usome tu." Wakanipa na mfano. Juni 9, 2023, katika kanisa la Mtakatifu Paulo mjini Fürth, Ujerumani, watu zaidi ya 300 walihudhuria ibada ya Kiprotestanti iliyotungwa karibu yote na ChatGPT, na wahubiri walikuwa picha za watu kwenye skrini. Iliendelea kwa dakika kama 40. Kijana mmoja hodari wa Biblia akaongeza: "Kama Mungu alisema kwa kinywa cha punda wa Balaamu, atashindwa na simu?"

Nilimpongeza, kwa sababu hoja ile ni nzuri. Mungu hashindwi. Lakini hebu msome tena Hesabu 22. Punda yule alimkumbusha Balaamu kwamba amekuwa akimpanda siku zote, na kwamba hajawahi kumtendea hivyo. Alikuwa amembeba, na kwa ajili yake alikuwa amepigwa mara tatu. Neno lake lilitoka mgongoni kabla ya kutoka kinywani. Mashine inaweza kutunga maneno mazuri juu ya msiba, lakini haijabeba jeneza la mtu yeyote. Nikihubiri vibaya Jumapili, Jumatatu mzee wa kanisa ananisimamisha sokoni Ruangwa na kuniuliza nilimaanisha nini. Kuulizwa huko ni sehemu ya mahubiri.

Baraza la wazee lilikaa, tukakubaliana hivi: vijana watumie programu hizo kupanga ratiba, kuandaa matangazo na kutafuta maana ya maneno magumu. Mahubiri, maombi ya mgonjwa na neno la faraja kaburini vitolewe na mtu ambaye watu wanajua nyumba yake ilipo. Na ombi lolote la sadaka linalokuja kwa simu lipelekwe kwanza kwa mzee wa mtaa kabla shilingi haijatoka.

Akina mama wa usharika wakamchangia yule bibi. Haikufika 80,000, lakini sare ilishonwa na madaftari yakanunuliwa. Alipokuja kushukuru alisema, "Hawa nawajua majina."

Ndugu msharika, simu ni yako, na kidole kinachobonyeza ni chako. Kabla ya kutuma mbele neno lolote, jiulize kama uko tayari kuitwa mwenye neno hilo litakapomwuma jirani. Kama hauko tayari, lifunge kama unavyomfunga mbwa mkali.