Si Angewasha kwa Kiberiti?

Ndugu msomaji, wengi wetu tuna mtoto au ndugu anayeishi katika nchi za baridi. Akisema mwezi huu hana fedha za kutuma, mara twanung'unika kwamba ametusahau. Basi sikiliza habari hii ya ukoo wetu.

Mdogo wangu wa kike anakaa Minnesota, Marekani, pamoja na mumewe na watoto wawili. Alikuwa ameahidi kununua bati za nyumba ya mama. Mwezi wa Januari akapiga simu: boila ya nyumba yao imezimika, na fundi amesema kifaa cha kuwashia lazima kibadilishwe. Fedha za bati zitakwenda huko.

Baba mdogo alikasirika. "Kifaa cha kuwashia! Si angewasha kwa kiberiti?"

Swali lake lilistahili jibu. Mimi ni karani wa parokia, lakini ualimu nilisomea chuoni; nikachukua karatasi, nikauchora mtambo ule mbele ya wazee.

Boila hupasha maji moto kwa gesi. Maji hayo hupita katika mabomba mpaka vyumbani, na nyumba hupata joto. Zamani moto mdogo uliachwa ukiwaka ndani yake usiku na mchana, kama kibatari, upate kuwasha ule mkubwa. Uliteketeza gesi bure, na sheria ya Marekani haiuruhusu tena katika boila za maji za majumbani zilizotengenezwa tangu Septemba 2012. Katika boila ya mdogo wangu, cheche ya umeme huwasha moto mdogo pale tu joto linapotakiwa.

Sasa angalia akili yake. Moto mdogo ukiisha kushika, umeme kidogo sana hupita ndani ya mwali wenyewe. Mtambo ukiupata umeme huo, wajua kwamba moto upo. Ndipo hufungua njia ya gesi nyingi. Usipoupata, hauifungui. Kwa hiyo kifaa kile ni kiberiti na mlinzi pamoja. Mwenye kuwasha kwa mkono au kuunganisha nyaya kwa ujanja amemwondoa mlinzi mlangoni. Gesi ikijaa bila kuwaka, cheche moja yaweza kubomoa nyumba.

"Lakini si wakisafishe tu?" akauliza baba mdogo.

Mara nyingine yatosha, kama shida ni kutu au masizi. Lakini kauri inayozuia umeme ikipata ufa, cheche hutorokea pembeni, na kauri haiungwi. Wala huwezi kutia kifaa chochote tu: tundu la gesi ya mitungi si sawa na tundu la gesi ya mabomba. Fundi husoma kwanza namba ya mtambo.

"Na wakingoja mwezi mmoja?"

Nikamjibu kwamba baridi ya huko yaweza kushuka chini ya sifuri kwa nyuzi 20 na zaidi. Maji huganda ndani ya mabomba na kuyapasua. Nao wakiwasha jiko la mkaa ndani, hewa yake ya sumu haina harufu. Huua watu usingizini.

Mama alikuwa kimya muda wote. Akasema, "Bati zitangoja. Mwambieni abadilishe." Baba mdogo akaomba ile karatasi, akaitazama tena.

Nawe msomaji mwenye jiko la gesi, shika kanuni ile ile: kiberiti kiwake kwanza, gesi ifuate. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kitu. Funga mtungi, fungua milango, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni. Na ndugu wa mbali akikuambia fedha zimeingia katika kifaa usichokijua, mwulize kwanza kifaa hicho kinafanya kazi gani. Kumlaumu kwaweza kungoja.