Cherero wa Namna Mbili

Katika bara ya Tanzania wako ndege wadogo wa jamaa ya kasuku, waitwao cherero, na namna zao zilizo mashuhuri ni mbili. Urefu wao wapata sentimita 14 tu. Mwili ni wa kijani, mdomo mwekundu, na jicho limezungukwa na duara nyeupe ya ngozi tupu, kana kwamba ndege amevaa miwani. Basi mtu asiyezoea kutazama ndege hudhani kuwa wote ni wamoja, wala sivyo.

Mmoja ni cherero wa Fischer, aliyepewa jina la msafiri Mjerumani. Uso wake ni kama chungwa lililoiva, na juu ya mdomo wekundu umekoza. Makao yake ni kusini ya Ziwa Victoria na Serengeti. Wa pili kichwa chake ni cheusi kama chungu kilichotoka mekoni, na shingoni ana ukosi wa manjano. Huyu hukaa Tarangire na Dodoma, hata upande wa Iringa, na matundu ya mibuyu humpendeza sana.

Dume na jike hawatofautiani kwa sura. Jike huatamia mayai yake meupe siku 23 hivi, na dume humlisha. Namna zote mbili huchukua vipande vya magome kwa mdomo ili kujenga tundu. Lakini ndugu yao wa Namibia huvichomeka katika manyoya ya kiuno akaruka navyo, na hilo ni ajabu zaidi. Wenye mashamba ya mtama hawawapendi cherero, nao wana haki.

Hata hivyo adui mkubwa alikuwa mtego. Katika miaka ya 1980 cherero wa Fischer walinaswa kwa maelfu, wakauzwa Ulaya na Marekani, hata Tanzania ikazuia biashara hiyo.

Tena kuna Naivasha, katika Kenya. Ndege waliotoroka vizimbani walizaana huko, wa Fischer na wenye ukosi pamoja, na wengi wa watoto wao vichwa vyao ni vya hudhurungi, si cheusi wala chungwa. Kwao Tanzania kila namna hukaa zaidi upande wake. Kwa hiyo atakaye kumwona cherero wa Fischer asiyechanganyika aende Serengeti, akakae karibu na maji asubuhi, makundi yanaposhuka kunywa kwa kelele nyingi.