Kumbe Ekseli Nayo Hupumua!

Ukikuta doa jeusi la oili chini ya gari lako asubuhi, usilifukie kwa mchanga ukaenda zako kazini. Mimi nilifanya hivyo, na nusura niwapoteze watu wangu.

Nina gari kuukuu, lile linaloendeshwa na magurudumu yote manne. Mwaka juzi gurudumu la nyuma la kushoto lilianza kulowa oili upande wa ndani. Nikalipeleka kwa fundi. Akabadilisha sili, yaani ule mpira wa duara unaozuia oili ya ekseli isitoke, akaziosha breki kwa petroli na kunirudishia ufunguo. Baada ya wiki tatu, oili ile ile! Nikarudi, akatia sili nyingine, nikalipa tena.

Jumapili moja tulikuwa tukiteremka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate, mimi, mama watoto na wanetu watatu. Waijuao barabara hiyo wanazijua kona zake. Kwenye kona moja nilikanyaga breki, gari likavutwa kulia kuelekea bondeni. Nilishusha gia upesi, nikaling'ang'ania usukani hadi gari likasimama kando ya mlima. Kitinda mimba wetu ndiye aliyevunja kimya: "Baba, kwani gari halina breki?" Sikuwa na jibu.

Kesho yake nikajikokota hadi Voi kwa fundi mmoja mzee. Hakukimbilia spana. Alilala chini ya gari, akatazama, kisha akaniuliza: "Mwanangu, ekseli hii inapumulia wapi?"

Nilidhani ananifanyia mzaha. Kumbe juu ya ekseli pana kitundu kidogo cha hewa. Gari likienda, oili hupata moto na hewa iliyo ndani hutanuka, ikatokea hapo. Changu kilikuwa kimezibwa na udongo mwekundu uliokauka kama tofali. Hewa ikikosa njia, huisukuma oili ipenye kwenye sili, hata kama ni mpya. Tena ukivuka mto ekseli ikiwa moto, hupoa ghafla na kufyonza maji, oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa.

Mzee alikizibua kitundu, akatia sili mpya na kuzipaka beringi grisi upya, kwa maana oili ilikuwa imeiosha ya zamani. Breki zilizolowa alizitupa, akaweka mpya pande zote mbili. Zikishanyonya oili, alisema, petroli haizisafishi. Mwisho akajaza oili ya gia hadi kwenye mdomo wa tundu la kujazia, si zaidi.

Tangu siku hiyo, gurudumu ni kavu.

Nawe ukiona unyevu gurudumuni, guse na uunuse. Ukiwa mzito wenye harufu kali, ni oili ya ekseli. Ukiwa mwepesi, huenda ni mafuta ya breki. Vyovyote vile, usisafiri na watoto kabla haijatengenezwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuziba mara mbili, na kwa pesa zangu. Nilichosahau ni kuuliza ukuta unapasuliwa na nini.