Wosia wa Maji Mawili

Wajukuu zangu wapenzi,

Nawasalimu kutoka kibarazani, pale pale mnaponikuta siku zote. Mkono wangu hautulii tena juu ya karatasi, kwa hiyo mimi nasema, mdogo wenu anaandika. Nimemwonya asipambe neno. Nimetimiza miaka 81, na mwili umeanza kunidai. Wosia hausubiri mtu apotewe na sauti.

Tangu mkiwa wadogo mmeniuliza juu ya ule ubao uliotundikwa juu ya mlango wa sebule. Nami nikawatania kwamba ni wa kuwachapia watundu. Leo nawajibu kweli. Ule ni usukani wa mashua. Ulivunjika kwenye mlango wa mto Pangani mwaka 1986, na aliyeuvunja ni mimi.

Mimi ni mtoto wa Kilombero. Kabla sijajua kusoma nilijua kusimama ndani ya mtumbwi na kusukuma pondo. Nilijua kutega mgono, nilijua mamba anapoota jua, nilijua namna mto unavyopanda masika hadi bonde zima likawa kama ziwa, njia ya ng'ambo ukaitafuta kwa kumbukumbu tu. Reli ya TAZARA ilipoanza kujengwa mwaka 1970 nikapata kibarua cha useremala Mang'ula, na huko nikajifunza kupima mbao kwa rula badala ya jicho. Reli ilipokamilika mwaka 1975 nilikuwa na akiba kidogo, nikashuka Dar es Salaam kutafuta maisha. Niliyempata huko ni bibi yenu, binti wa Kilwa Kivinje, ambaye baba yake alikuwa fundi wa vyombo vya baharini. Nikamleta Ifakara.

Juma la kwanza alikwenda mtoni kuchota maji kwa mtumbwi. Aliporudi akaufunga mahali pazuri sana: ukingo umeteremka taratibu, nyasi zimelala, tope limelainika kama gati ya kutengenezwa. Nikaifungua kamba nikamwambia, "Hapa ni njia ya kiboko. Usiku anapanda kula, alfajiri anarudi." Hakubisha. Tangu siku hiyo alikuwa akiniuliza kwanza, kisha anatenda. Baada ya miaka michache alikuwa akisukuma pondo kuwashinda shemeji zake.

Mwaka wa kumi, usiku mmoja, akaniambia, "Miaka kumi nimekaa kwenye maji yako. Sasa njoo ukae kwenye maji yangu."

Nikamjibu kwa ujanja wa mtu wa bara. Nikasema maji yake ni yangu vilevile: Kilombero unakwenda kukutana na Luwegu, unaitwa Rufiji, unapita maporomoko ya Shuguri na korongo la Stiegler, unamwagika baharini mkabala na Mafia. Kila tone linalofika kwao limepita mlangoni kwangu. Akacheka. "Ni kweli," akasema, "lakini yakifika kwetu yana chumvi."

Mtumbwi haupiti Shuguri. Tukapanda treni hadi Dar es Salaam, na magunia mawili ya mchele wa Ifakara, kisha lori hadi Kilwa. Siku hizo Rufiji ilivukwa kwa kivuko, maana Daraja la Mkapa halikufunguliwa mpaka mwaka 2003. Baba mkwe alikuwa amefariki, ameacha mashua moja kuukuu imelazwa ufukweni chini ya mkungu. Mwezi mzima tuliihangaikia. Mimi nilibadilisha mbao tatu zilizooza, shemeji akapiga kalafati kwa pamba na mafuta, bibi yenu akashona tanga la marekani kwa mkono wake. Tukaipaka shahamu chini. Tukapakia chumvi, nazi na mikeka, na ule mchele, tukatweka mwezi wa Juni.

Hatukuwa watalii. Tulikuwa tunauza na kununua bandari hadi bandari, na shabaha yetu ilikuwa Lamu. Shabaha hiyo niliiweka mimi, tena niliitangaza hapa Ifakara kabla ya kuondoka.

Njiani alinifundisha kama mtoto wa chuo. Kwamba kusi ndiyo inayompeleka msafiri kaskazini, nayo huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba. Na kaskazi humrudisha, kuanzia Novemba hadi Machi. Kwamba asubuhi umande hutoka nchi kavu, na mwenye akili hutweka nao mapema. Kwamba mwezi ukiandama au ukipevuka maji ni bamvua, yanajaa sana na kupwa sana. Na katikati yake ni maji mafu. Haya yalikuwa mageni kwangu. Mto wa kwetu huenda upande mmoja tangu ulipoumbwa. Bahari huenda na kurudi mara mbili kwa siku moja, na pale ulipopita asubuhi kwa raha, mchana ni mchanga mtupu.

Kazi tuliigawana hivi: yeye alishika usukani, mimi nilikuwa kwenye tanga, nikikaza na kulegeza demani kwa amri yake, na kufua maji ya ngama kwa upo. Tulilala Somanga. Tukapita midomo ya Rufiji kwa siku mbili, mikoko imesimama ukuta pande zote, na maji yamebadilika rangi maili nyingi nje ya nchi kavu. Nikayachota kwa kiganja. Ni tope letu lile, wanangu, la Kilombero, limefika kulisha mikoko mingi kuliko mahali popote pengine Afrika Mashariki. Siku hiyo niliona fahari, na fahari hiyo ndiyo iliyoniponza baadaye.

Tukapita Kisiju, tukapita Dar es Salaam, tukafika Bagamoyo. Pale wanaume waliokuwa wakishona nyavu pwani waliona mwanamke kashika usukani na mume wake anafua ngama. Mmoja akapaza sauti, "Nahodha ni nani humo?" Wengine wakaangua kicheko. Sikusema kitu. Usiku kucha niligeuka upande huu na upande huu. Asubuhi nikakaa tezini, nikashika usukani. Bibi yenu alinitazama, akasema neno moja tu: "Haya."

Upepo ulikuwa mzuri, na kwa siku mbili nilijiona baharia. Tukaliona fungu la Maziwe likiwaka jua. Akaniambia utotoni alisikia mabaharia wakikisifu kisiwa hicho kwa mivinje yake. Sasa bahari ilikuwa imekula miti yote, kimebaki kitanda cha mchanga. Mbele yetu ukatokea mlango wa Pangani, mji upande mmoja na Bweni upande wa pili.

Nilipoona ni mto, moyo ukanikua. Nikasema, "Hapa niachie, mto naujua." Kwetu ukitaka kina unafuata ukingo wa nje wa kona, pale mkondo unapokata udongo. Nikafanya hivyo hivyo. Sikuuliza maji yanajaa au yanapwa. Yalikuwa yanapwa, tena bamvua. Mkuku ukagusa fungu, mashua ikaruka, wimbi likaisukuma ubavu, na usukani ukakatika mkononi mwangu kwa mlio ambao bado nausikia.

Saa nane tulikaa pale, chombo kimelala ubavu kama ng'ombe mgonjwa, watu wa ng'ambo wanatutazama. Nilingoja lawama. Bibi yenu akafua nazi, akaivunja, akanipa nusu. Tulipomaliza kula ndipo akasema: "Mto huu ni wako. Mlango wake ni wangu."

Wanangu, nimesikiliza mahubiri mengi na hotuba nyingi katika miaka 81. Sijasikia neno lililonikaa kama hilo.

Maji yalipojaa tukaelea, tukaburutwa hadi Pangani. Fundi mmoja mwema akatuchongea usukani mpya kwa gunia moja la mchele. Huo mpya nilimkabidhi bibi yenu mbele ya watu, nikachukua upo wangu. Tulifika Tanga salama. Lakini mbao za chini zilikuwa zimelegea, na ngama ilijaa haraka kuliko nilivyoweza kufua. Nikang'ang'ania Lamu, maana nilikwisha kuitangaza. Akaizunguka mashua mara mbili, akagonga mbao kwa kisigino cha mkono, akasema, "Chombo hiki kinafika Lamu. Hakirudi."

Basi hatukwenda. Tulikaa Tanga hadi kaskazi ilipoanza, mimi nikifanya useremala na yeye akisuka mikeka, kisha tukarudi Kilwa, tukaiuza mashua. Ifakara tulifika tumechelewa kupanda, na mpunga wa mwaka ule haukujaza hata nusu ya ghala. Watu waliniuliza habari za Lamu. Nikawaambia sijaiona. Hadi leo sijaiona, na sijawahi kujuta.

Sasa nawausia.

La kwanza: kila maji yana mjuzi wake, naye muulizeni kabla ya kutweka. Ujuzi wa mahali pamoja ukiuhamisha bila kuuliza unakuwa ujinga wenye kiburi. Mnapooa na kuolewa, mnapoajiriwa, mnapohamia mji wa watu, jueni ni nani pale aliyezaliwa kwenye mlango wa mto. Na awe mwanamke, awe mdogo kwenu, awe maskini, mpeni usukani. Kicheko cha watu wa pwani hakitoboi chombo.

La pili: msidharau maji kwa sababu mmejengewa daraja. Daraja la Magufuli, hili letu la mto Kilombero, lina mita 384, nalo tangu lizinduliwe mwaka 2018 mnavuka kwa bodaboda kabla wimbo mmoja haujaisha kwenye simu zenu. Ni neema kubwa, nami nashukuru nimeiona. Lakini mnavuka bila kuyatazama maji. Januari 2016 upepo ulizamisha kivuko pale pale, kwenye mto ambao wengi walidhani una mkondo tu. Mto nao una pepo zake. Na mto Lumemo ukifurika mjini, hauulizi nani kajenga lini.

La tatu: bonde letu limejaa wageni. Wapo waliokuja na ng'ombe, wapo waliokuja na matrekta, wapo waliokuja na jembe la mkono na mtoto mgongoni. Ugomvi wa mashamba na malisho mmeuona wenyewe. Mimi siwaambii mtoe haki yenu. Nawaambia mgeni akifunga mtumbwi kwenye njia ya kiboko, msikae ukingoni mkingojea kuona ataliwaje. Mfungulieni kamba, mumwonyeshe pa kufunga. Bibi yenu alikuwa mgeni hapa, nami nilikuwa mgeni kwake.

La nne ni mashamba. Lile la Lipangalala lisiuzwe. Ligawiwe sawa kwa sawa, wa kike na wa kiume. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki ile ile, na hata zisingempa, mimi nimempa. Na lile la mtoni, matete ya ukingoni msiyaguse. Sheria inataka mita 60 kutoka kwenye maji, na jirani akilima hadi ukingoni msimwige. Ardhi oevu ya bonde hili iliandikishwa chini ya mkataba wa Ramsar mwaka 2002, lakini karatasi haizuii tope. Karibu theluthi mbili ya maji ya Rufiji yanatoka huku kwetu. Sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere linaloyangojea, la megawati 2,115. Umeme wa nchi unategemea maji yaliyopita mlangoni kwetu. Ukikata matete hapa, mtu wa Mohoro kule chini ya mto, au taa ya Mwanza, italipia. Mimi nimeyaona maji hayo yanakoishia. Naomba mniamini.

La tano ni madeni. Nadaiwa gunia moja la mpunga na jirani wa upande wa mashariki. Mlipeni kabla ya arobaini yangu, bila kumpunguzia hata kibaba. Deni la pili siwezi kulilipa tena. Kwa ule usukani nilimwomba bibi yenu radhi kwa vitendo, miaka yote iliyofuata. Kwa mdomo sikumwomba. Nilidhani anajua. Labda alijua. Lakini huu ni mwaka wa tano tangu tumlaze, na kila nikipita chini ya ule ubao nasikia neno ambalo sikulisema. Ninyi msiache deni la namna hiyo. Mwenzako akiwa anasikia, mwambie.

Usukani nampa mjukuu wangu wa kike mkubwa. Usisuguliwe, usipakwe rangi, na pale ulipokatika pasiungwe. Autundike juu ya mlango wake, na mtoto akimuuliza, amweleze ukweli kwamba ulivunjwa na babu aliyedhani anaujua mto.

Mimi mnizike ubavuni kwa bibi yenu. Pondo langu achukue mdogo wenu huyu anayeandika, na mtumbwi uwe wa wote. Lakini yeyote atakayeutumia, akirudi jioni, aufunge mbali na njia ya kiboko.

Ni mimi babu yenu,
Ifakara.