Tafakari ya Juma: Kushawishi na Kuamuru



Ndugu wapendwa katika Bwana, juma lililopita, katika kikao cha Halmashauri ya Walei ya parokia yetu hapa Mbeya, mzee mmoja alisimama, akavua kofia yake, akasema kwa unyenyekevu: "Baba Paroko, wewe amua tu, sisi watoto wako tutafuata." Wajumbe wakapiga makofi. Nami nakiri mbele yenu kwamba kwa dakika nzima nilifurahi.

Jambo lililokuwa mbele yetu mnalifahamu. Ni kile kiwanja cha parokia kinachotazama barabara, ambacho akina mama wajane wanalima mchicha na figiri. Je, tujenge maduka ya kupangisha, au tukiache kama kilivyo? Mimi napenda maduka. Sijaficha jambo hilo. Paa la kanisa linavuja upande wa kwaya, na mapato ya zaka hayatoshi hata kununua bati. Jioni ile ningetamka neno moja tu, kazi ingekwisha. Badala yake niliahirisha kikao, na baadhi yenu mkaondoka mkinung'unika kwamba Baba hana msimamo. Tafakari ya leo ndiyo jibu langu kwenu, na naomba mnivumilie nikianzia mbali kidogo.

Anayesafiri kutoka Iringa kwenda Dodoma hupita katika nchi ya Isimani kabla ya kuteremka kuelekea Mtera. Huko, mahali paitwapo Mkungugu, siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 1971, aliuawa Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Kleruu. Aliyemuua ni mkulima Said Mwamwindi. Mkuu wa Mkoa alimkuta shambani kwake, yakatokea majibizano, na mkulima akachukua bunduki. Kisha akaupakia mwili katika gari la marehemu, akaliendesha mwenyewe hadi polisi mjini Iringa, akajisalimisha. Alishtakiwa mwaka 1972, akahukumiwa kunyongwa. Maneno waliyorushiana siyarudii hapa, maana mmoja wao hakupata nafasi ya kusimulia upande wake.

Jina la Kleruu limebaki katika chuo cha ualimu pale mjini Iringa. Jina la Mwamwindi limebaki midomoni mwa watu, na kila mtu huwa na namna yake ya kulitaja: wengine kama la muuaji, wengine kama la shujaa. Mimi ni padre. Kumwua mtu siwezi kukuita ushujaa, iwe Noeli au siku nyingine yoyote. Lakini pia sitaki kisa hiki kimalizwe kwa utani tuliouzoea, kwamba Wahehe wana hasira. Utani huo hutuchekesha, na tukisha kucheka hatuulizi tena ni nini kilitangulia hasira.

Kilichotangulia ni hiki. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha "Ujamaa Vijijini". Humo na katika "Uhuru na Maendeleo" ya mwaka 1968 alisisitiza kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kuundwa kwa nguvu. Watu waelimishwe, waone faida, waingie kwa hiari yao. Isimani ilikuwa mahali pagumu kwa neno hilo, maana ilikuwa nchi ya mahindi mengi, yenye wakulima waliokuwa na mashamba makubwa na matrekta, pamoja na vibarua wengi waliokuwa na jembe la mkono tu. Tumtendee haki Dakta Kleruu: aliyekuwa akimtetea ni yule wa jembe la mkono. Nia yake ilikuwa njema, na hapo ndipo ugumu wa kisa hiki ulipo. Kama angekuwa mnyang'anyi tusingekuwa na la kujifunza, maana wanyang'anyi tunawajua.

Tena, viongozi wa wakati ule hawakukosa maonyo. Mwezi Februari wa mwaka uleule wa 1971, TANU ilitoa Mwongozo, uliowakataza viongozi wasiwe na kiburi, dharau wala uonevu kwa wanaowaongoza. Karatasi ilisema vizuri kabisa. Lakini kiongozi wa mkoa au wilaya hakupimwa kwa idadi ya watu waliouliza maswali mkutanoni. Alipimwa kwa idadi ya vijiji alivyoanzisha. Mtu anayehesabiwa vijiji hana muda wa kungoja moyo wa mtu ugeuke.

Hapo naikumbuka sura ya 12 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. (Katika masomo ya Misa za kila siku kisa hiki karibu chote kinarukwa, jambo linalonisikitisha kila mara, kifungueni wenyewe nyumbani.) Rehoboamu, mwana wa Solomoni, alikwenda Shekemu ili Israeli wote wamfanye mfalme. Watu hawakumkataa. Walimwomba tu awapunguzie mzigo ambao baba yake aliwatwika, nao wangemtumikia. Akaomba siku tatu za kufikiri. Wazee wakamshauri awe mtumishi wa watu hao na kuwajibu kwa maneno mema. Vijana aliokua nao wakamshauri aoneshe ukali kuliko baba yake. Akafuata shauri la vijana, na makabila kumi yakamwacha siku hiyohiyo.

Lakini kuna aya moja ambayo wahubiri wengi tunaipita haraka. Baada ya watu kukataa, mfalme hakwenda kwao mwenyewe. Alimtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa, yaani wa kazi za kulazimishwa. Watu wakampiga Adoramu kwa mawe mpaka akafa, na mfalme akapanda gari lake haraka akakimbilia Yerusalemu. Aliyekufa ni mjumbe. Kila ninapopita Mkungugu namfikiria Adoramu, na nawaombea marehemu wote wawili wa pale, maana kule juu sera ilikuwa imeandikwa kwa wino wa ushawishi, na ilipofika shambani ilikuwa imegeuka amri, na wao ndio waliokutana nayo.

Mtu anaweza kusema: basi, kama watu hawashawishiki, kiongozi afanyeje? Nitamwambia atazame Ruvuma, jirani zetu. Kule Songea, katika kijiji cha Litowa na vingine vilivyofuata, watu walianza kuishi na kulima pamoja kwa hiari tangu mwanzoni mwa miaka ya sitini, hata kabla ya Azimio la Arusha. Waliunda chama chao cha maendeleo na waliamua mambo yao katika mikutano yao. Septemba 1969 chama kikuu kilikivunja chama hicho. Yaani waliokuwa wameshawishika kweli ndio waliovunjwa, kwa sababu aliyeshawishika kweli ana mawazo yake, na mwenye mawazo yake haagiziki kwa urahisi. Baadaye, Novemba 1973, Mwalimu mwenyewe alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Mwaka 1974 malori yakaingia katika vijiji vya Iringa. Nalisema hili nikimheshimu Mwalimu, aliyezoea kuhudhuria Misa kila siku, ambaye tangu mwaka 2005 tunamwita Mtumishi wa Mungu. Hata mtu wa sala huchoka kungoja.

Sasa nifike kwangu, maana si haki kuwahukumu wakubwa wa zamani nami nikajificha nyuma ya altare.

Miaka ishirini na zaidi iliyopita shirika letu lilinituma kuwa paroko katika parokia moja ya vijijini huko Uhehe. Nilikuwa kijana, na nilikuwa na haraka. Kulikuwa na kigango kimoja chenye kanisa dogo la udongo, juu ya kilima, mbali na makazi ya watu. Nikaona ni upuuzi waamini kupanda kilima kila Dominika wakati kuna kiwanja kizuri karibu na barabara. Nikachora ramani, nikaitisha mkutano baada ya Misa, nikaeleza kwa muda wa saa nzima: wagonjwa watafika kwa urahisi, gari la padre litafika hata masika, bati litapatikana. Nikauliza kama kuna mwenye swali. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikauliza kama tumekubaliana. Wakapiga makofi na vigelegele. Nikarudi nyumbani nikimshukuru Mungu kwa karama ya kuhubiri.

Michango haikuja. Nikatumia kadi za jumuiya kuhesabu nani ametoa na nani hajatoa. (Maaskofu wa AMECEA walipokazia Jumuiya Ndogondogo za Kikristo mwaka 1976, walitaka Kanisa lianzie kwa majirani wanaofahamiana, mimi nikazifanya daftari la wadaiwa.) Dominika moja nikatangaza kwamba asiyechangia asishangae siku atakapohitaji huduma ya Kanisa. Nilidhani ni maneno ya kuhimiza tu. Wakati wa Kwaresima alifariki bibi mmoja wa kigango kile, Mkristo tangu utoto wake. Kadi yake ilikuwa na mapengo. Watoto wake hawakuja kuniita. Walimzika wenyewe, wakisali rozari, pale kilimani karibu na kanisa la udongo. Nilipata habari siku ya nne, kwa katekista, aliyeniambia huku akitazama chini.

Nikaenda. Mzee mmoja alinipokea: "Kamwene, Baba." Tukakaa. Baada ya kimya kirefu akasema: "Baba, mwaka 1974 tulipakiwa kwenye malori. Nyumba ziliezuliwa ili tusirudi. Tuliambiwa tumekubali, kwa sababu mkutanoni hakuna aliyesema hapana. Kanisa halikupakiwa. Kwa hiyo kila Dominika tulitembea kurudi pale kusali. Ni kitu pekee ambacho hakuna mtu aliyetuhamisha. Sasa umekuja wewe, umetuita mkutanoni, na hakuna aliyesema hapana."

Nikamwuliza kwa nini hawakuniambia. Akajibu bila ukali wowote: "Ulituuliza ukiwa na ramani mkononi, Baba."

Niliomba msamaha kwa familia ile, nikabariki kaburi, nikarudisha Misa kilimani. Jengo la barabarani, hadi nilipohamishwa, kuta zilikuwa zimefika usawa wa lenta, na mbuzi walilala humo.

Ndugu zangu, tangu siku ile nimekuwa na shaka na makofi. Mwenye mamlaka ya kuamuru ana ulemavu mmoja ambao mtu wa kawaida hana: hawezi kujua kama amewashawishi watu. Mkulima akimshawishi jirani yake kupanda mbegu mpya, atajua msimu ujao, kwa sababu jirani yuko huru kukataa. Lakini anayetoa barua za utambulisho, anayebatiza na kuzika, au anayegawa pembejeo na kuita mgambo, huyo akisema "nawashauri", watu husikia "nawaamuru", hata akitumia sauti ya upole namna gani. Na ile "ndiyo" anayoipata haina uzito, kwa sababu hakuna aliyejua itamgharimu nini akisema "hapana". Sidhani Dakta Kleruu alikuwa na tatizo la ufasaha. Mimi pia ufasaha ninao, kama mnavyojua kutokana na urefu wa mahubiri yangu.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 536, inasema kwamba halmashauri ya kichungaji ya parokia ina kura ya ushauri tu. Neno la mwisho ni langu. Baadhi ya mapadre huisoma kanuni hiyo kama ruhusa ya kutosikiliza. Mimi naiona kama mzigo. Mtakatifu Benedikto, ambaye wanawe ndio waliofungua misheni ya Tosamaganga kabla ya Wakonsolata, aliagiza katika Kanuni yake kwamba penye jambo kubwa abate awaite watawa wote kutoa shauri, hata wadogo, kwa kuwa mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo jema. Abate ndiye anayeamua mwishoni. Lakini anasikiliza kwanza, na anasikiliza akiwa hana ramani mkononi.

Kwa hiyo, wapendwa, ile michoro ya maduka niliyoileta kikaoni nimeirudisha kabatini. Nimemwomba katekista awaalike wale akina mama wenyewe, si mwakilishi wao, waje kwenye kikao kijacho waseme kiwanja kile kinawapa nini kwa mwezi na kitakuwaje kwao kikiondoka. Watakapokuwa wakizungumza na wajumbe, mimi nitakaa ofisini, na mlango utafungwa. Mkiandika kura, karatasi zisiwe na majina. Nikishindwa, nitaendelea kuweka ndoo chini ya paa upande wa kwaya, na huenda nitaendelea pia kunung'unika kidogo.

Jana jioni nilikutana na mmoja wa akina mama hao langoni, akitoka kumwagilia. Nikamweleza habari ya kikao. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Baba, nikisema hapana, utaendelea kunisalimia?"

Nikamwambia ndiyo. Akanitazama kwa muda, akainua karai lake la mchicha, akaenda zake bila kusema kama atakuja.

Kikao ni Jumamosi, saa nane mchana, katika ukumbi wa parokia.