Jua Likitua, Umewahesabu?



Leo siandiki habari za shela wala hina. Nataka nikuhadithieni gemu ya watoto, na msinicheke!

Wifi yangu wa Maskati alipokuja likizo alituletea Wii, ile mashine ya Nintendo ambayo mchezaji anaielekeza rimoti kwenye tivi. Ilikuja na gemu moja, Pikmin. Ndani yake kuna Kapteni Olimar, chombo chake kimeanguka kwenye sayari ngeni. Ana siku 30 za kukusanya vipande 30 vya chombo, na peke yake hawezi. Wasaidizi wake ni vijimea vidogo anavyoving'oa ardhini, visivyozidi 100 kwa wakati mmoja. Vyekundu haviungui kwa moto, vya buluu havizami majini, vya njano hurushwa juu zaidi. Ukikipeleka kijimea pasipo pake, kinakufa. Na saa haikusubiri ufikiri: siku nzima ni kama dakika 13 tu.

Siku moja mwanangu akanipa rimoti. Nikakazana na kipande kimoja kizito mpaka jua likatua. Chombo kikaruka. Nikaviona vijimea vilivyobaki vinakimbia huku na huku, na madude ya usiku yanavila.

"Mama, umeviacha nje," mwanangu akasema. "Hukupuliza filimbi kuviita."

Wallahi, moyo ulinipiga paa.

Wiki ile ile, Shaaban, harusi zikiwa zimefuatana, niliwaweka wasichana wangu cherehanini mpaka baada ya Isha. Kulikuwa na gauni la bibi harusi na sare 12 za jamaa zake. Mmoja wao anakaa shamba. Akakosa daladala, akatembea. Mwanamme akamfuata njia nzima, mpaka akakimbilia nyumba ya watu. Hakuniambia. Mama yake ndiye aliyekuja asubuhi, kwa adabu zake zote: "Bi mkubwa, mwanangu nilikukabidhi wewe." Niliomba radhi kwa mdomo, lakini moyoni nilisema, kazi ni kazi, bibi harusi anangoja.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwaingiza watoto ndani jua linapotua. Wangu nilikuwa nawaita kila siku. Wa mwenzangu nikamsahau.

Kesho yake nilikwenda kwao, nikakaa chini mkekani, nikaomba radhi ya kweli. Mama alinisamehe. Binti hajarudi kazini, na simlaumu. Kiti chake kipo.

Sasa saa kumi na moja na nusu jioni cherehani zote zinazimwa. Nawahesabu mmoja mmoja, na wa mbali nampandisha gari mwenyewe. Mteja mmoja nilimwambia ukweli kwamba tarehe yake siiwezi, akaenda kwa fundi mwengine. Iliniuma, lakini riziki anagawa Allah.

Nanyi mabibi harusi wangu, leteni vitambaa mapema. Gauni lako zuri lisishonwe kwa hofu ya binti wa mtu. Na wewe mwenye duka, mwenye dada wa kazi nyumbani, jioni ya leo kabla ya adhana ya Magharibi, jiulize: nani wangu bado yuko nje?

Allah atuhifadhie watoto wetu na wa wenzetu. Amin.