Nani alilipa mguu wa ndugu yangu?



Jumapili moja, Misa ya kwanza ikiisha, tulikaa chini ya mwembe wa misioni hapa kwetu Kalemie, wazee na vijana pamoja. Padri wetu mzee alikuwa amerudi kutoka kwao Ubelgiji, alikokwenda kutibiwa macho, nasi tulitaka habari. Akasema: «Huko kwetu siku hizi watu wanagombana juu ya wagonjwa.» Tukashangaa. Watu hugombana juu ya shamba, juu ya mahari, juu ya kiti cha utawala. Juu ya wagonjwa, namna gani?

Akatueleza taratibu. Huko, mfanyakazi akiugua, mwezi wa kwanza bwana wake wa kazi ndiye anayeendelea kumlipa. Kisha chama cha kusaidiana alichojiandikisha, wanachokiita mitueli, huanza kumpa fedha, sehemu 60 kwa mia ya mshahara wake, lakini si zaidi ya kiasi kilichowekwa. Mwaka ukipita naye hajapona, huandikwa katika kitabu cha wasioweza kazi. Hapo mwenye watu wa kulisha hupewa sehemu 65 kwa mia, mwenye kukaa peke yake 55, na mwenye kukaa na mtu mwingine mwenye mshahara 40. Fedha hizo zinatoka katika makato ya wafanyakazi na ya waajiri, na Serikali inaongeza yake. Basi, walioandikwa katika kitabu kile wamepita 500,000, katika nchi yenye watu karibu milioni 12. Wamewazidi hata wale wanaolipwa kwa kukosa kazi. Ndicho chanzo cha ugomvi. Wengine wanauliza: wagonjwa wa kweli ni wangapi kati yao? Wengine wanajibu: watu wanazeeka kazini, sababu umri wa kupumzika umesogezwa mbele, na kazi za leo zinachosha roho kuliko mikono. Waganga wa mitueli wanawaita wagonjwa kuwapima tena.

Kijana mmoja akasema: «Basi Serikali yetu ina akili kuliko yao, Padri. Haipotezi fedha kwa viwete.» Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani kicheko kile kilinikaa kooni kama mfupa wa samaki, na usiku sikulala vizuri. Ndiyo sababu nawaandikia.

Mimi nilikuwa karani wa mishahara katika kompani moja. Sitaitaja jina. Imekwisha kufa, na wakubwa wake wa zamani wana watoto na wajukuu. Kila mwisho wa mwezi niliandika karatasi ya kila mfanyakazi: mshahara, posho ya watoto, na chini, makato ya INSS. Vijana wa leo hawajui jina hilo vizuri. Lilikuwa sanduku la Serikali la kuwatunza wafanyakazi, lililoanzishwa kwa sheria ya 29 Juni 1961, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Sanduku hilo lilikuwa na kazi tatu: kulipa walioumia kazini, kulipa wazee na wasioweza kazi pamoja na wajane na yatima, na kutoa posho za jamaa. Kwa karatasi ni jambo zuri sana. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na makato yale niliyaandika kwa wino mweusi bila kukosea hata mara moja.

Lakini fedha zenyewe hazikwenda. Mwezi huu zilinunua mafuta ya mashine, mwezi ujao zililipa deni la mbao. Nilijua. Makarani wote tulijua.

Mwaka 1987 chuma kilimwangukia ndugu yangu mkubwa, aliyefanya kazi katika karakana ya kompani ile ile. Mguu wa kuume ukakatwa chini ya goti. Sheria inamtaka mwajiri aitangaze ajali ya kazi bila kukawia, na mimi ndiye niliyeiandika karatasi ya kutangaza. Mkubwa wangu akaisoma, akanirudishia. «Ngoja kwanza,» akasema. «Tukiipeleka, watauliza makato yako wapi.» Nikaitia katika mtoto wa meza. Nilikuwa na watoto 6 nyumbani, nao ndio niliowatia mbele ya dhamiri yangu kila iliposema.

Karatasi ilikaa mle miezi minane. Kompani ililipa kazi ya mganga, ikamlipa ndugu yangu kwa muda kidogo, kisha jina lake likaondolewa. Kila nilipokwenda kumtazama aliniuliza: «Mdogo wangu, karatasi yangu imefika?» Nami nilimjibu: «Iko njiani, kaka.» Njia yenyewe ilikuwa mtoto wa meza, na goti langu liliugusa kila nilipokaa kuandika.

Mkubwa yule akahamishwa. Aliyemfuata alikuwa mtu wa sheria, karatasi ikapelekwa, mganga akapima kilema akakiandika kwa sehemu za mia, na mwaka 1990 ndugu yangu akaanza kupata malipo yake. Malipo ya kwanza nayakumbuka. Alinunua gunia la unga wa muhogo, kitenge cha mke wake, na madaftari ya binti yake wa kwanza, aliyekuwa na miaka kumi na akili ya haraka. Alitembea na mkongojo wake kama mtu mwenye kazi. Watu wakamwita tena kwa jina lake, si «yule wa mguu».

Haikudumu. Wenye umri wangu wanakumbuka jinsi fedha ya nchi ilivyokufa mikononi mwetu. Tulifika kuwa na noti ya zaire 5,000,000. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka, moja kwa zaire mpya 100,000. Pigeni hesabu: franka moja ilikuwa sawa na zaire za kwanza bilioni 300. Mtu aliyeahidiwa zaire mwaka 1990, naye hesabu yake haikupandishwa mbio kama bei za sokoni, alibaki na nini? Hakuna sheria iliyosema kilema asilipwe. Hakuna waziri aliyesimama akatangaza. Ndugu yangu alikuwa bado ameandikwa katika kitabu, na namba yake ilikuwa safi kabisa. Mara ya mwisho alipokwenda kuchukua malipo, alinunua nayo chumvi kidogo kwa kijiko, akarudi. Nauli ilikuwa imezidi fedha. Hakwenda tena.

Sasa yule kijana wa chini ya mwembe anisikilize. Serikali haikupoteza fedha kwa kiwete huyu, kweli kabisa. Je, mguu haukulipwa? Ulilipwa kila siku. Mke wake aliamka saa tisa usiku kungoja mitumbwi ya ndakala, akabeba mafungu kichwani mpaka soko, jua na mvua, mpaka shingo ikapinda. Na binti yule wa madaftari aliachishwa shule katika darasa la tano, sababu mikono miwili haikutosha. Yeye ndiye aliyelipa sehemu kubwa. Hakuna kitabu cha Serikali kilichoandika malipo yake, lakini yalitoka.

Huko Ubelgiji gharama ya wagonjwa inaonekana, sababu imeandikwa mahali pamoja, na kila mtu anaweza kuilaumu. Kwetu imegawanywa katika nyumba nyingi, na kila nyumba inanyamaza. Sisemi ya kwamba ugomvi wao ni wa upuuzi. Hata mimi katika meza yangu niliona mtu mwenye afya akileta cheti cha ugonjwa alichokinunua kwa mbuzi, na mtu kama huyo anamnyang'anya mgonjwa wa kweli. Ni haki kupima na kupima tena. Ila kwa yale niliyoyaona mimi, mwizi alikaa mezani mara nyingi kuliko mkekani, na najua ninachosema, maana mezani nilikaa mimi.

Ndugu yangu alifariki mwaka 2001, wakati wa vita. Baada ya maziko nilikwenda kuungama. Nilisema yote juu ya karatasi na mtoto wa meza, lakini nikaongeza: «Padri, sikuiba. Sikuchukua hata likuta moja.» Padri akanyamaza. Tulipokuwa watoto tulifundishwa katika katekismu kwamba kumnyima mfanyakazi ujira wake ni moja ya dhambi zinazolilia mbinguni. Nilidhani Padri atanikumbusha hilo. Hakunikumbusha. Aliniuliza tu: «Binti yake amesoma mpaka darasa gani?»

Kitubio alichonipa hakikuwa rozari. Binti yule alikuwa amekwisha kuolewa, amezaa mtoto mmoja wa kiume. Padri akasema nimsomeshe mtoto huyo mpaka mwisho.

Papa Yoane wa 23, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, aliweka kati ya haki za mtu kutunzwa anapougua, anaposhindwa kazi, anapobaki mjane, anapozeeka. Alisema haki. Nimeisoma mara nyingi barua hiyo, na kila mara nasimama pale pale. Sadaka yangu kwa nyumba ya ndugu yangu, posho niliyoipeleka miaka ile yote, watu waliisifu sana parokiani. Haikuwa sadaka. Nilikuwa narudisha kidogo kidogo.

Tangu hapo mambo yamebadilika, na si vema kuyaficha. Sheria ya 15 Julai 2016 ilitengeneza upya utaratibu, na INSS imegeuka kuwa sanduku jipya, CNSS. Makato ni sehemu 18 kwa mia ya mshahara: mfanyakazi anatoa 5, mwajiri 13. Angalieni, hizi si fedha za hazina ya Serikali. Ni jasho la mfanyakazi na deni la mwajiri, na Serikali ndiyo mlinzi. Kwa ugonjwa wa kawaida, sheria ya kazi ya mwaka 2002 imemwachia mwajiri mzigo: mgonjwa alipwe theluthi mbili za ujira wake na atibiwe, lakini miezi sita mfululizo ikipita bila kurudi kazini, mwajiri anaweza kuvunja mkataba. Baada ya hapo ni mlango wa nyumba. Na hayo yote ni kwa mwenye mkataba. Mvuvi wa ndakala, mlimaji wa muhogo, mwenye kusukuma baiskeli ya makaa, hao hawana mkataba, nao ndio wengi wetu. Sheria nyingine, ya 3 Mei 2022, inalinda haki za watu wenye ulemavu, ni nzuri, nimeisoma. Nimeulizwa na kipofu mmoja wa parokia yetu sheria hiyo inafunguliwa katika ofisi gani na siku gani. Sikuwa na jibu.

Kijana niliyemsomesha alimaliza, na mwaka jana alipata kazi yenye mkataba. Mwezi wa pili mama yake alikuja kwangu, ameikunja karatasi ya mshahara ndani ya kitambaa. «Baba mdogo,» akasema, «nionyeshe mahali pa makato.» Nikamwonyesha kwa kidole. Akaiangalia muda mrefu. Herufi hazijui, lakini namba anazijua kuliko mimi, sababu ni muuzaji. Kisha akaniuliza bila kuniangalia: «Na zinafika?»

Alikuwa anajua, basi. Sijui nani alimwambia, labda baba yake alijua tangu siku zile. Sikuthubutu kuuliza. Nilimwambia: «Mwambie mtoto aende mwenyewe ofisini, aombe namba yake, na aulize kama mwajiri amelipa miezi yote miwili. Asitume mtu. Asimwachie karani.»

Alikwenda siku ya Jumanne, wakamwambia arudi. Alirudi Ijumaa. Mwezi wa kwanza ulikuwa umefika, wa pili bado. Namba aliandikiwa kwenye kipande cha karatasi, na mama yake ameishika kwa moyo kama bei ya fungu la ndakala. Mwisho wa mwezi huu tutakwenda wote watatu kuulizia ule wa pili.